Mtoto na Karai

Mwanangu Mabula,

Barua za watu huanza kwa kusema mimi huku ni mzima wa afya. Hilo tuliruke, maana wewe ndiye uliyenipeleka hospitali juzi kusafishwa figo na ulimsikia daktari kwa masikio yako. Nakuandikia ukiwa chumba cha pili. Nakusikia ukifunga zipu ya begi na kuifungua tena. Ningeweza kugonga ukuta ukaja, lakini sisi wawili tukikaa uso kwa uso huwa tunaishia kuongea mpira na bei ya mafuta, kisha mmoja anasema amechoka.

Habari za safari sina la kuongeza. Mama yako amekufungia dagaa wa kukaanga, amekupa dawa za malaria, amekwambia usilale usingizi wa pono ndani ya basi, na hata namna ya kumwamkia mwalimu mkuu amekufundisha kana kwamba ulilelewa porini. Mimi nataka kuongea jambo moja tu, lile ulilolisema Jumanne mezani umeinamia sahani. Kwamba ukifika Masasi utatafuta wakili, uape, ubadilishe jina. Watoto wa shule wakujue kwa jina la Mwalimu Mabula Minza. Sherdili liondoke.

Mama yako aliacha kutafuna. Mimi nikasema, "Sawa, jina ni lako." Nikaenda chumbani nikajilaza na viatu. Nilisema sawa kwa sababu sikuwa na neno lingine, wala si kwamba ilikuwa sawa. Iliniuma, Mabula, na mpaka sasa inaniuma. Lakini nimekaa nayo, nikaona una haki ya kuuliza jina hilo limekufaa nini. Acha nikueleze lilivyonifanya mimi, ndipo uamue.

Babu yangu alikuja huku kufanya kazi ya reli, na reli ilipoishia Mwanza na yeye akaishia hapo hapo. Watu walimwita Mpathani. Mwenyewe alisema ni Mpashtuni, na ukikosea alikusahihisha hata kama umekuja kumpa pole ya msiba. Alioa Msukuma wa Magu, akazaa watoto wa rangi yetu hii. Lugha yake ilimfia mdomoni; baba yangu alijua maneno ya kutukania tu, na mimi hata hayo sikuachiwa. Kilichobaki kilikuwa majina. Kila Ijumaa baada ya sala tuliketi mkekani, mimi na baba yako mdogo Akbari, tukayasema: mimi Sherdili mwana wa fulani, mwana wa fulani, kupanda mpaka Karlani, kutoka kwa Karlani mpaka Qaisi, kutoka kwa Qaisi mpaka Afghana, na kwa Afghana mpaka Talut, mfalme wa Wana wa Israeli. Ukikosea jina moja unarudi mwanzo. Ukikosea tena unakosa chakula. Akbari alikosa chakula mara nyingi, ndiyo maana mpaka leo hayajui. Alikuwa akifuata sauti yangu kwa nyuma, kama watu wanaoimba wimbo wasioujua maneno.

Najua unayajua yote haya. Nayasema tena ili uone nilivyokua. Pale mtaani watoto walinicheka, kwa Wahindi tulikuwa Waafrika, kwa Wasukuma tulikuwa machotara, na mimi nilipita katikati yao nikiwa na Talut moyoni. Mfuko hauna hata senti, suruali ina kiraka, lakini mimi ni mjukuu wa mfalme. Qaisi alisafiri mpaka Madina, Mtume akampa jina jipya na kumwita kwa jina la ule mti wa chini kabisa wa chombo, mkuku, unaoshika mbao zote. Nilikwenda kuutazama mkuku kwa mafundi wa mitumbwi Igombe, nikaushika kwa mkono. Nilidhani namshika babu yangu.

Nilipomuoa mama yako nikamhadithia na yeye. Unamjua, Mjita, kanisani kila Jumapili, Biblia anaijua kuliko padri. Akanisikiliza mpaka mwisho akipepeta mchele.

"Huyo Talut ndiye Sauli?"

"Ndiye."

"Sauli yule aliyejiangukia upanga wake?" Akaweka ungo chini. "Katika wafalme wote, Baba, mkaona mchague huyo?"

Nilinuna siku mbili. Angeniuliza leo ningecheka naye, maana alikuwa amegusa kitu ambacho sikutaka kukiona. Wazee wetu wenyewe husema watoto wa Talut walizaliwa yeye amekwisha kufa, wakalelewa na Daudi. Daudi yule yule ambaye Talut alimwinda milimani amuue. Kwa hiyo babu yetu Afghana alitoka katika nyumba ya adui wa babu yake, akala chakula cha huko, akawa mkuu wa jeshi huko. Sijawahi kumsikia mzee yeyote akisimama kwenye jambo hilo. Wanalitaja, wanaendelea.

Na wanapofika kwa Karlani ndiyo kabisa wanakimbia. Babu yangu alikuwa na sauti nzito, akifika kwa Karlani anaishusha kama mtu anayepita mlango wa mgonjwa. Mimi nilimuuliza kwa nini. Akatuambia mimi na Akbari mara moja, hakurudia. Ndugu wawili wa ukoo walikuwa safarini, wakafika mahali ambapo watu walikuwa wamepiga kambi na kuhama. Mmoja akaokota karai la chuma. Mwingine akaokota mtoto mchanga wa kiume. Aliyeokota mtoto alikuwa na watoto wengi na njaa nyumbani, na mwenye karai hakuwa na mtoto. Wakabadilishana. Mtoto huyo ndiye Karlani, na sisi, mimi na Akbari na wale wote wa Tabora wenye ndevu zao, ni wa tawi lake. Hakuna ajuaye baba yake alikuwa nani. Majina ya juu yake ni ya watu waliompa uji.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Minza alikuwa mama lishe pembeni ya gereji yangu, pale tulipokuwa tukiziba rejeta mimi na Akbari. Aliweka karai kubwa kwenye mafiga, anakaanga sato, na wewe ulikuwa ukizunguka miguuni pake. Mvua ya masika ile aliugua kwa muda mfupi tu, akafa. Wapangaji wenzake walitafuta ndugu zake wakakosa hata namba ya simu. Tulimzika sisi majirani. Tuliporudi tulisimama kwenye kibanda chake kugawa vitu kabla wezi hawajagawa. Hapakuwa na vitu. Palikuwa na karai, ndoo, na wewe umekaa juu ya ndoo.

Akbari akaliinua karai, akaligonga kwa kidole, likalia vizuri. Akanitazama akatabasamu. Mke wake alikuwa na watoto wanne, mimi na mama yako hatukuwa na mtoto. Akasema, "Haya kaka, tugawane kama wazee wetu. Mimi karai, wewe mtoto."

Na mimi nikacheka, Mabula. Mama yako mzazi udongo wake haujakauka, wewe unanitazama kutoka juu ya ile ndoo, na mimi nikacheka, kwa sababu hadithi ilikuwa imenipata pale pale na nikaona ni jambo zuri, jambo kubwa, kama vile babu wote wananitazama. Nilikushika mkono nikiwa nimejaa fahari. Sikufikiria hata kidogo kwamba mtoto wa umri ule anasikia. Hakuna mtu mwingine Mwanza nzima ambaye angeweza kufanya kosa lile. Lilihitaji watu wawili waliokaririshwa upuuzi ule ule mkekani.

Nikakuandikisha shule kwa jina langu. Imamu aliniita akaniambia dini inataka mtoto aitwe kwa baba yake mzazi. Nikamuuliza, na akiwa hajulikani? Akasema basi ni ndugu yenu katika dini, mlee, umpende, lakini usimtie kwenye nasaba. Nilimsikiliza kwa adabu na sikumfuata. Kwa hiyo ujue kwamba katika hili la Jumanne hata dini iko upande wako.

Ulikuwa mwepesi wa kushika. Kabla hujamaliza darasa la tatu ulikuwa umeyashika majina yote kunishinda mimi umri huo, na chakula sikukunyima hata siku moja. Hilo walau nililiacha kwa babu. Nilifurahi kupita kiasi. Ndipo nikakuhadithia Karlani, nikidhani nakupa zawadi. Nilitaka ujue kwamba nafasi yako ilikuwepo tangu zamani. Uliniuliza, "Yule aliyechukua karai alijuta?" Nikasema sijui, hadithi haisemi. Nilipaswa kuelewa pale ulichokuwa unaniuliza. Nikakwambia ukanawe mikono tule.

Halafu ile harusi ya Tabora. Sitaisema yote, ulikuwepo. Watoto wa Akbari waliitwa mbele ya wazee waseme majina, wakababaika. Wewe ukasimama bila kuitwa, na kanzu ile iliyokuzidi, ukasema kutoka chini mpaka kwa Talut bila kukwama. Mzee wa ukoo alitokwa na machozi. Akauliza, "Huyu mtoto wa nani?" Na Akbari akasema kwa sauti ya kusikika jikoni, "Huyo? Huyo tulibadilishana na karai."

Walicheka wote. Uligeuka ukanitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa nimetazama pilau.

Nilikuwa na jibu. Nililijua tangu utoto wangu. Ningesimama na kusema: nyinyi nyote mnaocheka ni watoto wa mtoto aliyebadilishwa na karai, na kama huyu si wetu basi na sisi si wa mtu. Watu wangenyamaza. Akbari angenyamaza. Nilikuwa nalo kwenye ulimi na nikalimeza pamoja na nyama, kwa sababu walikuwa wazee, na walikuwa wamenipa kiti cha mbele, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimekaa mahali ambapo watu wote wana majina kama langu. Nilikuuza kwa kiti. Tangu siku ile hukuyasema tena majina, na mimi sikukuomba uyaseme. Tukaanza kuongea mpira.

Mwaka jana, ukiwa chuo Butimba, ulikuja umesoma. Ukakaa kitandani kwangu na simu yako, ukanisomea kwamba hadithi ya Talut iliandikwa India na mtu wa ikulu ya wafalme wa huko, karne nyingi baada ya Qaisi. Kwamba lugha ya Wapashtuni ni ndugu wa Kiajemi, haina undugu na Kiebrania. Kwamba wanahistoria wengi hawaamini hata kama Qaisi aliishi. Ulisoma taratibu, kwa sauti ya mwalimu, na nilikuona unavyofurahia. Nilikufukuza chumbani. Mama yako alidhani umenitukana.

Mabula, nilijua. Mtu anayeziba matundu maisha yake yote anajua kiraka akikiona. Kati ya Talut na Qaisi majina ni machache na miaka ni mingi. Ukigawanya, kila babu anapaswa kuwa amezaa akiwa mzee asiyeweza hata kusimama. Nililiona hilo nikiwa kijana na sikumwambia mtu. Nadhani wazee hao walikuwa watu wa milimani wanaodharauliwa na wafalme waliowatawala, wakatafuta mfalme wa kwao. Nawaelewa. Nilifanya hivyo hivyo nikiwa na suruali ya kiraka. Kilichonikasirisha siku ile ni kwamba ulikuwa umekuja kunivunjia kitu ambacho kilikuwa kimekuvunja wewe kwanza, na nilijua unastahili kukivunja.

Lakini hilo si baya zaidi. Baya zaidi niligundua Jumanne ile ile, nimejilaza na viatu. Nilitaka nikusaidie. Nikasema, akitaka kuwa Mabula Minza basi nimpe na la mbele: Minza binti fulani, wa kijiji fulani. Nikatafuta kichwani, sikuona kitu. Nilikula samaki wa mama yako kila siku ya kazi kwa miaka, alijua sipendi pilipili, alijua jina la mke wangu, na mimi niliyemjua baba wa baba yangu mpaka kwa mfalme sikuwahi kumuuliza baba yake anaitwa nani. Hata kaburi. Nilikuwepo, nilishika jembe. Mwezi uliopita nilimwomba bodaboda anipeleke nikutafutie, tukazunguka kwenye yale makaburi mpaka nikaishiwa nguvu, pamejengewa, pamefukuliwa, sikupaona. Naomba msamaha kwa hilo kuliko yote. Mengine yalikuumiza. Hilo limekunyang'anya, na siwezi kulirudisha.

Kwa hiyo badilisha jina. Hakuna duniani anayemtaja Minza isipokuwa wewe. Watoto wa Masasi wamtaje kila asubuhi wakikusalimu.

Nikwambie na la Jumamosi, maana ulikuwa mjini Nyamagana kukata tiketi. Akbari alikuja na wajukuu zake wawili wamevaa vizuri. Alinishika mkono, akalia kidogo, kisha akatoa simu. Alitaka nitamke majina, arekodi, kabla sijaondoka nayo. Alisema hivyo hivyo, hakuzunguka. Nikamwambia washa. Nikaanza: "Mabula mwana wa Sherdili, mwana wa…"

Akazima. "Kaka, anza vizuri."

Nikaanza tena. "Mabula mwana wa Sherdili."

"Unajua ninachotaka."

"Najua. Na mimi ninachotaka ni hiki."

"Huyo mtoto wenyewe anakukataa! Mama Mabula kaniambia, anabadilisha jina."

"Abadilishe. Mimi sijambadilisha."

Wale watoto walikuwa wanatutazama. Akbari alisimama, akawashika mikono, na mlangoni akageuka. Sikufichi alichosema kwa sababu kitakuhusu. Alisema, "Basi siku yako ikifika huyo mtoto wa karai asiguse sanda. Kaburini tutashuka sisi wenye damu." Mama yako alitoka jikoni na mwiko mkononi, lakini walikuwa wamekwisha kupanda bajaji.

Wazee wale wa Tabora waliokuwa wakiyajua wamekwisha kufa, kwa hiyo sasa majina hayo tunayajua watu wawili, mimi na wewe, na mimi sina muda. Baada yangu ni wewe peke yako. Ukitaka wafundishe watoto wako, ukitaka wafundishe wanafunzi kama mfano wa jinsi watu wanavyojitungia babu, ukitaka yaache yapotee. Akbari akikufuata siku moja na simu yake, na atakufuata, mpe au mnyime. Sikuachii wosia wowote juu ya hayo.

Ninachokuomba ni kingine, na naomba nikijua sistahili. Masasi ni mbali. Sisi Waislamu hatulazi maiti, na Akbari atafanya haraka kuliko dini inavyotaka. Nimemwambia mama yako akupigie hali ikianza kuharibika, asingoje nikate roho. Huenda hata hivyo usiwahi. Usipowahi usijilaumu, na usije kupiga magoti juu ya udongo mbele ya watu ili waone. Baki kazini, fundisha. Naogopa hilo la kutokuwahi, Mabula. Kifo nimeanza kukizoea, lakini hilo naliogopa.

Ukiwahi, imamu nimekwisha kuongea naye. Amesema aliyelelewa na marehemu hazuiwi kushuka, na atasimama pale aseme hivyo. Lakini unawajua ndugu zangu. Watakuwa wamezunguka shimo na mabega yao, na mmoja atakuuliza kwa sauti wewe ni nani wa marehemu. Usimpe jina, la zamani wala jipya. Vua viatu, ushuke, unipokee.

Baba yako,
Sherdili